Aliyeanguka Jana Asipimwe kwa Mali ya Juzi

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wasallam), ahli zake na swahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, wazazi wetu na vijana wetu wanafunzi, leo tunataka kusema wazi jambo ambalo wengi hulisema chini kwa chini baada ya swala, huku wakigeuka kutazama nani anasikia. Jambo lenyewe ni hili. Hapa kwetu Rwanda, mtu ambaye siku zote amekuwa fukara anajulikana. Ameandikwa, na msaada ukija anaitwa jina. Lakini mtu aliyekuwa na riziki yake kisha ikakatika, huyo hana pa kushika. Akienda kwa viongozi anaambiwa orodha inaonyesha ana uwezo. Akienda msikitini anatazamwa kwa mshangao: "Wewe? Si ndiye uliyekuwa ukitoa zaka?"

Sisi tunasema hiyo ni dhulma. Tunasema kwamba swali la haki ni moja tu: mtu huyu leo ana nini cha kuwalisha watoto wake? Alikuwa na nini mwaka juzi si swali.

UMASKINI UNA TAREHE

Watu wengi hudhani umaskini ni kama kabila, mtu huzaliwa nao na kufa nao. Si kweli. Umaskini una siku yake ya kuingia nyumbani. Unaingia siku baba anapofariki, siku moto ya kubebea abiria inapoibiwa, siku mama anapolazwa na duka likafungwa, siku barua ya kuachishwa kazi inaposomwa.

Na wakati mwingine unaingia kwa watu maelfu siku moja. Mwezi wa Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka tarehe 31 Januari 2022. Hiyo ni karibu miaka 3. Ni wangapi miongoni mwetu waliokuwa wakiishi kwa kuleta bidhaa kutoka Kampala? Mwaka 2020 maradhi ya korona yalisimamisha mama zetu wa Rubavu waliokuwa wakivuka kila asubuhi kwenda kuuza Goma. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Kila mpaka unapofungwa, kuna mtu aliyeamka mfanyabiashara na kulala mdaiwa. Nyumba yake haikubomoka usiku ule. Kochi lake bado liko sebuleni. Simu yake bado inaita. Lakini mapato yamekwisha, na ada ya shule iko pale pale.

Huyu ndiye tunayemzungumzia.

ORODHA ILIYOGANDA

Tuanze na upande wa serikali, na tuseme kwa insafu. Nchi hii imefanya mengi ambayo majirani hawajafanya. Mpango wa Ubudehe ulichukua jina la desturi ya zamani ya kusaidiana kulima mashamba, ukaanzishwa mwaka 2001 kupambana na umaskini. Wananchi wenyewe katika umudugudu walikaa wakasema nani ana hali gani. Kulikuwa na madaraja 6, kuanzia umutindi nyakujya mpaka umukire, na mwaka 2015 yakawa madaraja 4. Wazo la kuwauliza majirani ni zuri, na mbele tutaonyesha kwamba dini yetu ilitangulia kulisema.

Ubaya ulikuja pale daraja lilipogeuka kuwa ufunguo wa kila mlango. Chukueni bima ya afya ya mituweli. Tangu 2011 mchango wake ulifuata daraja la Ubudehe. Chini ya madaraja 4, mtu wa daraja la kwanza alilipiwa na serikali faranga 2,000, wa daraja la pili na la tatu alilipa 3,000, na wa daraja la nne 7,000, kwa kila kichwa kwa mwaka. Sasa tuseme kuna nyumba ya watu 6. Wakiwa daraja la tatu wanadaiwa faranga 18,000. Wakiwa daraja la nne wanadaiwa 42,000. Wakiwa la kwanza hawadaiwi kitu. Na kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba nyumba nzima ilipe ndipo mmoja atibiwe.

Basi piga hesabu, ewe msomaji. Baba aliyekuwa na duka, akaandikwa daraja la tatu, kisha duka likafa, alitakiwa atoe 18,000 asizokuwa nazo, kwa sababu orodha haikujua kwamba duka limekufa. Kukata rufaa kulikuwepo, hatukatai. Lakini rufaa ilikuwa safari ya kupanda ngazi za utawala, na mtoto mwenye malaria hangoji rufaa.

Vijana wetu nao wanakumbuka. Mwaka 2013 madaraja hayo yalitumika kuamua mwanafunzi yupi wa chuo kikuu agharimiwe na serikali na yupi ajilipie. Nchi nzima ilisikia malalamiko ya familia zilizosema zimewekwa daraja lisilo lao. Kijana amefaulu mtihani, amepata nafasi, halafu anazuiwa na namba iliyoandikwa wakati baba yake bado yuko hai!

Lakini tunajua pia kwamba serikali ikitaka, inaweza. Tarehe 21 Machi 2020 watu walipoamriwa kubaki majumbani, haikupita hata wiki mbili kabla ya chakula kuanza kugawiwa nyumba kwa nyumba mjini Kigali kupitia viongozi wa midugudu na Isibo. Walioangaliwa walikuwa ni watu wa kibarua cha siku ambao kazi zao zilisimama. Msingi wa msaada ule ulikuwa ni kipato kilichokatika. Wakati ule kila mtu alielewa kwamba mjenzi aliyekuwa na kazi Ijumaa anaweza kuwa na njaa Jumatano iliyofuata. Kwa nini tulielewa wakati wa korona, na tusielewe mtu anapopatwa na korona yake peke yake?

Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba madaraja ya Ubudehe hayatatumika tena kuamua nani apate huduma, na kwamba habari za kila kaya zitawekwa katika mfumo mpya uitwao Imibereho. Tunalipokea jambo hilo kwa furaha. Lakini tunasema mapema: kompyuta nayo haioni. Inajua kilichoingizwa tu. Kama habari za kaya haziguswi ila mara moja kila baada ya miaka, basi tumetoka kwenye orodha iliyoganda ya karatasi tukaingia kwenye orodha iliyoganda ya umeme.

BATI HALILIWI

Mashaka haya hatukuyaokota hewani. Tazameni kwa ndugu zetu wa Kenya. Tangu Oktoba 2024 bima yao mpya ya afya inamtaka asiye na ajira rasmi apimwe uwezo kwa kujibu maswali: nyumba ina kuta za nini, paa la nini, choo cha aina gani, umeme upo, mifugo mingapi. Majibu yanakisia kipato chake, naye anatozwa asilimia 2.75 ya kipato hicho, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na wengi wao hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Ndugu zetu, paa la bati linasema mtu alikuwa na uwezo siku alipoezeka. Halisemi kama leo jikoni kuna moto. Bati haliliwi. Ukuta wa matofali haupungui unene mwenye nyumba anapofukuzwa kazi. Kwa hiyo kila kipimo kinachohesabu vitu badala ya mapato ya sasa, kitamsahau yule yule aliyeanguka karibuni. Anaonekana tajiri kwa macho ya karatasi, na watoto wake wanalala na chai tupu.

NA SISI MISIKITINI JE?

Ni rahisi kuisema serikali. Lakini kamati nyingi za zaka zinafanya yale yale, tena bila hata kompyuta ya kusingizia. Orodha ni ile ile ya miaka 5 iliyopita. Majina ni yale yale. Wajane wale na mayatima wale wana haki yao, Allah awazidishie. Lakini orodha ya zaka si mirathi, kwamba akishaandikwa mtu basi mlango umefungwa kwa aliyekuja baadaye.

Tazameni dini yenyewe ilivyosema, na mtaona kwamba mtu aliyeanguka ametajwa.

Kwanza, katika Suratut-Tawba aya ya 60 Allah ametaja makundi 8 ya wanaostahiki zaka, na miongoni mwao ni wenye kuelemewa na madeni. Mwenye deni mara nyingi ni nani? Ni yule aliyekuwa na mali akaaminiwa, kisha mambo yakamgeukia. Fukara wa siku zote hakopeshwi na mtu.

Pili, katika Suratul-Kahf aya ya 79 wale watu wa jahazi waliofanya kazi baharini wameitwa maskini, na jahazi wanalo! Wanavyuoni, akiwemo Imam ash-Shafi'i (Allah amrehemu), wameichukua aya hii kuwa ni dalili kwamba maskini anaweza kuwa na kitu, ila hakimtoshi. Na katika Minhaj ya Imam an-Nawawi, kitabu kinachosomeshwa sana Afrika Mashariki, imeelezwa kwamba nyumba ya kukaa na nguo za kuvaa havimtoi mtu katika ufukara. Sasa yule mjumbe wa kamati anayesema "huyu ana nyumba, asipewe," ameipata wapi fat'wa hiyo?

Tatu, katika Suratul-Baqara aya ya 273 Allah amewasifu mafukara ambao asiyewajua huwadhania matajiri, kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Basi anayengoja mtu achakae nguo na akae mlangoni mwa msikiti ndipo amwamini, huyo ndiye asiyejua aliyetajwa.

Nne, na hii ndiyo dalili kubwa ya maneno yetu, ni hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (Radhiya Allahu anhu) iliyo katika Sahihi Muslim. Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) alimweleza kwamba kuomba si halali ila kwa watu watatu. Mmoja ni aliyebeba dhamana ya deni. Wa pili ni aliyepatwa na janga likaangamiza mali yake, naye ana ruhusa mpaka apate cha kumsimamisha kimaisha. Wa tatu ni aliyepatwa na ufukara, wakashuhudia watu watatu wenye akili katika jamaa zake kwamba kweli fulani amepatwa. Zaidi ya hapo ni haramu.

Fikirini vizuri. Wote watatu ni watu waliopatwa na jambo. Wote walikuwa wamesimama kabla. Hadithi imetoa sababu, imetoa mashahidi, na imetoa kikomo. Mashahidi wenyewe ni watu wa karibu wanaomjua mtu kwa hali yake ya leo.

Na mkitaka mfano wa utawala, Qadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, ameandika katika Kitabul-Kharaj mkataba wa Khalid bin al-Walid (Radhiya Allahu anhu) na watu wa Hira, ambao walikuwa Wakristo. Ndani yake iliwekwa kwamba mzee aliyeshindwa kufanya kazi, au aliyepatwa na janga, au aliyekuwa tajiri akawa fukara, asitozwe jizya, bali alishwe kutoka Baytul-Mal, yeye na watoto wake. Aliyekuwa tajiri akawa fukara! Hayo yaliandikwa mwaka wa 12 Hijria, tena kwa watu wasiokuwa Waislamu. Leo Muislamu wa Biryogo anaambiwa na Muislamu mwenzake, "Rudi tukusahau kwanza ulivyokuwa tajiri."

WANAOPINGA WANASEMA

Wanasema: watu watadanganya. Ni kweli, wapo. Lakini orodha ya zamani nayo ina wanaodanganya, wale walioinuka zamani na bado wanapokea. Kama tunaogopa uongo, dawa yake ni kuuliza mara kwa mara. Na mashahidi watatu wameshawekwa na Mtume mwenyewe (Swalla Allahu alayhi wasallam).

Wanasema: auze alivyonavyo kwanza. Auze nini? Auze moto yake, akishaiuza ataishi kwa nini? Auze cherehani ya mkewe? Ukimngoja mtu auze vyombo vya kazi ndipo umsaidie, umemgeuza aliyeanguka kwa miezi 3 kuwa fukara wa maisha. Imam an-Nawawi katika al-Majmu' ameeleza kinyume cha hayo, kwamba mwenye ufundi apewe bei ya vyombo vyake na mfanyabiashara apewe mtaji. Wao walifikiria kumsimamisha mtu, sisi tunamngoja amalize kuanguka.

Wanasema: wapo maskini zaidi yake. Wapo, na haki yao haipunguzwi. Lakini gharama ya kumshika anayeteleza ni ndogo kuliko ya kumtoa shimoni. Mituweli ya watu 6 iliyolipwa kwa wakati, au muhula mmoja wa ada, unaweza kuizuia nyumba isiingie kwenye orodha ile ndefu kabisa.

Na wapo wasiosema hadharani ila tunawasikia: "Alituringia alipokuwa nacho. Aliye juu mngoje chini." Ndugu zetu, methali hii imekuwa sumu midomoni mwetu. Tunamngoja chini ili tumfanye nini, tumcheke? Aliyeringa ana hesabu yake kwa Allah. Watoto wake hawakuringa.

TUNATAKA NINI

Kwa viongozi wetu wa serikali tunaomba mawili. Mosi, familia iweze kupeleka habari ya kuanguka kwake siku yoyote ya mwaka, bila kungoja zoezi la kuandika watu. Pili, ipewe jibu kwa tarehe inayojulikana, na likiwa ni hapana, iambiwe sababu yake.

Kwa kamati za misikiti tunadai matano, na tunasema tunadai kwa sababu mali ya zaka si yao, ni amana:

1. Ulizeni mapato ya miezi 3 iliyopita na idadi ya watu wanaolishwa. Msiulize anatoka ukoo gani wala alikuwa nani.

2. Chukueni mashahidi watatu wanaoijua hali: jirani, mtu wa kazi yake, na mama mtu mzima anayeingia nyumba ile. Mambo ya jikoni akina mama wanayajua kabla ya imamu.

3. Msimalize zaka yote Ramadhani. Pale inapokusanywa mnaweza kuwahimiza wenye mali wenye hauli za miezi tofauti watoe kila mmoja kwa wakati wake, na fungu la sadaka liwepo mwaka mzima, kwa sababu watu hawaangukii Ramadhani peke yake. Na jibu litoke kabla ya Ijumaa inayofuata.

4. Wekeni kikomo. Baada ya miezi 3 tazameni tena. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe lenyewe mpeni, msimpe maneno.

5. Sitirini. Msitangaze majina kwenye kipaza sauti, wala msipige picha ya mama akipokea unga mkaituma kwenye makundi ya simu. Mtu aliyeanguka jana bado ana wateja, ana wakwe, ana watoto wanaosoma na watoto wenu.

Na kwenu familia mliopatwa, tuna neno. Msikae na siri mpaka nyumba iungue. Wiki ile ile riziki ilipokatika, mwende kwa mkuu wa umudugudu mkaeleze, mkiwa na karatasi mliyonayo: barua ya kuachishwa kazi, cheti cha kifo, hati ya polisi ya kitu kilichoibiwa. Wanafunzi, waambieni walimu wenu na ofisi ya chuo mapema, kabla ya kufukuzwa darasani. Kusema ukweli wa hali yako kwa anayehusika hakuondoi heshima yako. Na mkishainuka, mwende wenyewe mkaseme, "Alhamdulillah, sasa mpeni mwingine." Huo nao ni uaminifu, na ndio utakaowaziba midomo wanaosema watu wote ni waongo.

Ewe ndugu uliye na kazi leo, hujui mpaka upi utafungwa kesho, wala daktari atakuambia nini mwezi ujao. Unapoipitisha kanuni kwamba aliyekuwa nacho hapewi, jua kwamba umejiandikia kanuni wewe mwenyewe.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) awafungulie riziki waliokatikiwa, awape subira na wepesi, awape viongozi wetu na kamati zetu macho ya kuona na uadilifu wa kugawa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoshika mkono wa anayeteleza. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.